Joy Adamson na Simba Aliyeogelea Pwani Yetu

Hurlingham si mahali pa kumtafuta simba. Jina lenyewe la mtaa ni la kuazima, limeletwa na wakoloni kutoka London, na ile barabara kubwa ipitayo katikati, ambayo zamani iliitwa Hurlingham Road na leo ina jina la marehemu Argwings Kodhek, mwanasiasa aliyefia humo mwaka 1969, haina la kuonyesha ila maduka ya dawa, zahanati, mikahawa na matatu za namba 46 zikipigiana honi kuelekea Kawangware. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote, na nilipostaafu mwanangu alinitaka nije nikae naye huku bara. Nikaja. Baridi ya mwezi wa Julai haijanizoea wala mimi sijaizoea, lakini nina mjukuu wa miaka minane, na huyo ndiye aliyenitia katika habari hii.

Jumamosi moja nilikuwa narudi nyumbani nikampita kijana aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai kando ya njia. Katikati ya vitabu vya sheria na vya mitihani palikuwa na kitabu cha watoto, kipana, jalada limelegea, kimejaa picha za simba jike pamoja na mwanamke wa Kizungu. Nilikijua mara moja. Ni nani wa rika langu asiyemjua Elsa? Nikakinunua kwa bei ya chapati mbili na maharagwe.

Mjukuu wangu amelelewa na hadithi walizolelewa nazo wenziwe wote: Sungura mjanja, Fisi mlafi, na zile za Kalila na Dimna nilizomsimulia mwenyewe, ambamo simba na ng'ombe na mbweha hushauriana kama mawaziri barazani. Akafunua kurasa tano sita, kisha akaniuliza huyu simba ataanza kusema lini. Nikamwambia hasemi, kwa kuwa ni simba wa kweli, aliishi Kenya hii hii. Hapo maswali yakamwagika. Nani alimnyonyesha? Nani aliosha chupa zake? Na bibi huyu yuko wapi sasa? Mawili ya kwanza niliyajibu. La tatu nililikwepa kwa kumtuma maji ya kunywa, na sikuona fahari kwa hilo.

Yule bibi alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Austria na Hungary. Leo mji huo waitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Czech. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Wazazi hao waliachana angali mdogo, akaenda kulelewa na bibi yake mjini Vienna. Alisoma piano hata akapata shahada, akajaribu kuchonga sanamu na kufua madini, akafikiria hata udaktari. Mwaka 1935 aliolewa na mfanyabiashara mmoja, Viktor von Klarwill, ambaye asili yake ilikuwa ya Kiyahudi. Hitler alikuwa ameishika Ujerumani, na mwenye akili aliona kwamba Austria inangojea zamu yake. Mume akaona heri watafute makao mbali, na mwaka 1937 akamtanguliza mkewe aje kuitazama Kenya.

Bahari ina mambo yake. Melini bibi yule alikutana na Mswisi, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na mwaka 1938 ndoa ya kwanza ikawa imevunjwa na ya pili imefungwa. Bally ndiye aliyembandika jina la Joy, yaani furaha, na ndiye aliyemtia mkononi brashi ya rangi. Kazi yake ilikuwa katika jumba la makumbusho la Nairobi, wakati ule likiitwa Coryndon. Alikusanya maua na kuyakausha, na ua likikauka rangi yake hutoroka. Basi Joy akawa anayachora yangali mabichi. Michoro yake ikatiwa katika kitabu cha ukulima wa bustani za Afrika Mashariki, na mwaka 1947 chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kikampa nishani ya dhahabu.

Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu watu wengi humwanza Bibi Adamson kwa simba, na mimi naona yafaa kumwanza kwa ua. Mchoraji wa mimea hana ruhusa ya kuongeza jani. Akihesabu petali tano huchora tano, hata kama ya sita ingependeza. Aliyefunzwa kutazama hivyo kwa miaka, atakapokuja kumtazama simba hatamtia maneno mdomoni.

Mwaka 1944 aliolewa mara ya tatu na ya mwisho, na George Adamson, aliyezaliwa India mwaka 1906, ambaye alikuwa bwana nyama wa wilaya za mpaka wa kaskazini, makao yake Isiolo. Miaka mitano baadaye serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa kuwa mavazi hayo yalikuwa yakitoweka. Akazunguka nchi na sanduku lake la rangi, akachora mamia ya picha, na watu wa pwani wamo. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1967. Nimekwenda makumbusho kuzitazama. Bibi yangu mzaa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakukubali picha ya kiumbe kutundikwa ukutani nyumbani kwake, na najua angezigeuza zote zitazame ukuta. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu. Mshono wa kofia unahesabika, na shanga pia.

Sasa twende kwa simba. Tarehe 1 Februari 1956 George alikuwa porini akimtafuta simba aliyeua mtu. Simba jike akawatokea ghafula kutoka majabalini, wakampiga risasi. Alipokwisha kufa ndipo walipoona maziwa yake yamejaa, wakajua kwamba hakuwavamia kwa ukali tu bali alikuwa na watoto wa kulinda. Wakawatafuta, wakawakuta watatu katika ufa wa mwamba, wote wa kike. George akawachukua mpaka kambini kwa mkewe.

Siku mbili vitoto vile vilikataa kumeza chochote. Kisha vikakubali maziwa ya kopo, na ikawa kuyapasha moto hakuna kupumzika. Chuchu ya chupa haikuwapo, wakakata mpira kutoka katika redio yao wakautumia mpaka ilipopatikana ya kweli katika soko lililokuwa umbali wa maili 50 hivi. Pamoja na chuchu waliagiza glukosi na mafuta ya samaki, yale yale tuliyokuwa tukinyweshwa kwa nguvu utotoni. Nyumbani mwao mlikuwa na pimbi wa kufugwa aitwaye Pati, mnyama mdogo asiyezidi sungura kwa ukubwa, naye akajifanya yaya wa simba watatu.

Na chupa? Na kulinda vitoto vichana kutwa visipotee? Kazi hiyo alipewa Nuru, Msomali, Mwislamu, ambaye hapo kabla alikuwa mtunza bustani. Mjukuu wangu alipolisikia jina hilo alisimama, maana ana mjomba aitwaye Nuru, naye hakutarajia kumkuta Nuru katika kitabu cha Kiingereza.

Vitoto vilipokuwa vikubwa, viwili vilipelekwa kwa ndege Uholanzi, katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo kuliko wote akabaki, naye ndiye Elsa. Alilelewa kama mtoto wa nyumbani, akapanda juu ya motokaa, akalala kitandani, ila kucha zake zilikuwa za simba na uzito wake ukawa wa simba.

Kuna sura moja katika kitabu kikubwa ambayo msomaji wa pwani haifai kumpita. Bwana na Bibi Adamson walimchukua Elsa mpaka Bahari ya Hindi, wakapiga kambi karibu na kijiji cha wavuvi wa Kibajuni, si mbali na mpaka wa Somalia. Mji wa karibu wenye Wazungu ulikuwa Lamu, mwendo wa maili 90 kusini. Elsa aliyaogopa mawimbi siku ya kwanza. Akaonja maji akakunja uso kwa chumvi. Baadaye ikawa hawezi kutolewa baharini. Walimfungia nazi kwa kamba akaichezea kama paka achezeavyo kigae cha uzi, na aliwafukuza kaa mchangani, nao kaa, ambao hawamwogopi mtu, wakambana pua. Sijabahatika kukutana na mzee wa Kibajuni aliyemwona kwa macho yake, na kila nikienda Lamu huuliza.

Alipopita miaka miwili wakubwa walisema sasa imetosha, simba mzima hakai na watu. Njia rahisi ilikuwa kumpeleka Rotterdam akawe na nduguze. Bibi Adamson akakataa. Akasema atamfunza kuwinda, arudi porini awe simba. Wakati ule wataalamu wengi waliona hilo ni jambo lisilowezekana: simba aliyekulia chupani hana mama wa kumwonyesha kuua. Jaribio la kwanza lilishindwa, Elsa akaugua, akakonda. Wakamhamisha karibu na mto Ura, upande wa Meru, nchi inayofanana na aliyozaliwa, wakaanza upya.

Hapo ndipo yalipotukia mambo ambayo mimi nayaweka mbele ya yote katika kitabu chake. Siku moja Elsa aliondoka asubuhi, na baadaye kelele zikasikika mtoni. Nuru alikimbia akaenda kuona. Akamkuta Elsa amemtegea nyati dume penye maji ya kasi na mawe ya utelezi. Nyati ameteleza, naye yuko juu yake amemkaba, kichwa cha mnyama kinazama. Nuru akaona nyama yote ile itakuwa mzoga baada ya dakika moja, haramu kwake na kwa wenziwe Waislamu. Akavuta kisu akaingia majini. Elsa alikuwa katika hasira ya kuua kwa mara ya kwanza windo kubwa hivyo, akamngurumia. Nuru hakurudi nyuma. Alimwinulia kidole akamkanya polepole kama alivyokuwa akimkanya alipokuwa kitoto, na Elsa, alipomtambua ni yaya wake, akatulia akamwacha apitishe kisu.

Nimekwisha kusoma vitabu vingi vya wawindaji wa Kizungu, na ndani yake Waislamu waliofuatana nao huchekwa kwa ajili ya kuchinja kwao.  Bibi Adamson aliiandika sababu ya Nuru, na jinsi alivyomwendea simba bila hofu. Kama nyama ile ilitimiza sharti au haikutimiza, hilo nawaachia mashekhe. Nyati alikuwa hai, na hayo ndiyo niyajuayo.

Elsa akawa simba. Akapata dume wa porini, na tarehe 20 Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Walipotimiza wiki kama sita aliwavusha mto akawaleta kuwaonyesha watu waliomlea. Wakaitwa Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, na safari hii Bibi Adamson aliamua wasifugwe, wabaki wa mwituni. Mama yao hakuwahi kuwaona wakikua. Tarehe 24 Januari 1961 Elsa alikufa kwa maradhi yaletwayo na kupe, hata miaka mitano hakufikisha. George alikuwa naye. Joy alikuwa Nairobi, akafika mwanamwali ameshazikwa. Watoto wale, ambao walikuwa wameanza kuvamia mifugo ya watu, walikamatwa mwaka huo huo wakapelekwa Serengeti.

Kitabu, Born Free, kilikuwa kimetoka London mwaka 1960 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Kilitafsiriwa katika lugha zaidi ya ishirini. Vikafuata Living Free mwaka 1961 na Forever Free mwaka 1962, na mwaka 1966 sinema iliyopigwa hapa Kenya. Kwa ajili ya watoto alitoa kitabu cha Elsa chenye picha nyingi na maneno machache mwaka 1961, kisha kile cha Elsa na watoto wake mwaka 1965, na cha duma wake Pippa mwaka 1970. Ni hicho cha kwanza nilichokiokota pale njiani. Kabla ya hapo kitabu cha simba kwa mtoto kilikuwa ama ngano, ama simba amelala amekufa na bwana mwenye bunduki amemkanyaga. Fedha za vitabu hakuzila peke yake. Aliunda mfuko kwa jina la Elsa, na sehemu kubwa ikaenda katika kuhifadhi wanyama, mbuga ya Meru ikiwa mojawapo.

Sasa lazima niseme na upande wa pili, ama sivyo nitakuwa nimeongeza jani. Bibi Adamson hakuwa mtu mwepesi. Waliomjua wameandika kwamba alikuwa mkali, mwenye hasira za ghafula, mgumu kwa wafanyakazi na kwa mumewe pia. Hakubarikiwa kupata mtoto. Miaka ya mwisho yeye na George waliishi mbalimbali, kila mmoja na wanyama wake. Motokaa ilimwangusha mwaka 1969, mkono wa kulia ukaharibika, na piano na brashi vikamtoka pamoja. Subira aliyokuwa nayo kwa chui au duma, binadamu wengi hawakuiona. Na Nuru je? Jina lake limo kitabuni, lakini dunia nzima inamjua Elsa, na ukimuuliza mtu Nuru ni nani atakutumbulia macho.

Tarehe 3 Januari 1980, katika mbuga ya Shaba, alitoka kutembea jioni kama kawaida yake asirudi. Habari ya kwanza iliyozagaa duniani ilisema ameuawa na simba. Magazeti mengi yaliipenda habari hiyo, maana ilikuwa kama ngano. Haikuwa kweli. Majeraha yalikuwa ya silaha yenye makali, na mwaka 1981 mahakama ilimtia hatiani kijana aliyekuwa mfanyakazi wake. Hakunyongwa, kwa kuwa umri wake ulionekana kuwa mdogo. Majivu ya mwili wake yalimwagwa Meru, penye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989.

Hilo ndilo swali nililolikwepa. Nililikwepa siku nne. Mke wa mwanangu aliniambia mtoto wa miaka minane haambiwi mambo ya visu, nimwambie tu kwamba bibi yule alizeeka akafa. Nilimstahi, lakini moyo ulinisumbua. Kitabu chenyewe hakikumficha mtoto kwamba mama yake Elsa aliuawa, tena na mikono ile ile iliyomlea Elsa. Nikiongopa mimi babu, basi kitabu kina adabu kuniliko.

Siku ya tano, baada ya magharibi, nilimwambia. Nilisema kwa ufupi: aliuawa na mtu, mtu huyo alifanya kazi kwake, walikuwa na ugomvi. Alinyamaza. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba kwanza walimsingizia simba. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama baadaye waliandika tena magazetini kwamba simba hakufanya. Nikamwambia waliandika. Akatikisa kichwa kama kadhi aliyeridhika na ushahidi.

Halafu akataka nimrudilie kile kisa cha nyati, nami nikamrudilia kwa Kiswahili kutoka kitabu kikubwa, nikisimama kila mara kutafuta neno. Alipochoka kusikiliza alichukua karatasi akachora: mto, mawe, nyati, na Nuru ndani ya maji na kisu chake, kichwani kofia ya viua kama ya mjomba wake. Elsa alimpaka rangi ya buluu, kwa sababu ile ya hudhurungi ilikuwa imekatika.